Mwili wa Mume na wa Mke

Leo twasoma 1 Wakorintho 7:3-5. Wako waume washikao nusu tu ya neno hili, wakisema mwili wa mke ni wao, hata kumlazimisha aliye mgonjwa. Lakini alilolinena Paulo juu ya mke, alilinena papo hapo juu ya mume. Tena kunyimana kwa ajili ya sala sharti wapatane wote wawili. Luther, aliyekuwa mtawa, alioa mwaka 1525, akafundisha kwamba ndoa si chini ya utawa. Basi furaha ya miili katika ndoa si uchafu, ni zawadi ya Mungu. Nayo zawadi hainyang'anywi. Twawasihi walimu wawasomee wachumba aya zote tatu, wakisikiliza pamoja.