MADA YA 7: KUTENGENEZA PICHA YA KOMPYUTA KUTOKANA NA KICHEZEO CHA UTOTONI

Malengo. Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kueleza hatua nne za kutengeneza picha ya kompyuta yenye pande tatu;
(b) kukokotoa idadi ya nukta na nyuso za umbo la mzunguko;
(c) kueleza jinsi mwanga na mwonekano wa uso vinavyofanya picha iaminike.

Utangulizi

Mwanafunzi mpendwa, usiikimbie mada hii kwa sababu shuleni kwenu kompyuta ni chache. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwa macho, rula na karatasi ya grafu. Kompyuta haikijui kichezeo chako; hufuata vipimo na maelezo unayoipa. Ukikiangalia vibaya, nayo itakichora vibaya.

Vichezeo vina nafasi yake katika historia ya fani hii. Mwaka 1995 kampuni ya Pixar ilitoa Toy Story, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, na wahusika wake wakuu ni vichezeo. Kwa kompyuta za wakati ule, plastiki ilikuwa rahisi kuigiza kuliko ngozi na nywele za binadamu.

Mfano wetu ni pia, ile ya mti inayochongwa ikawa na ncha chini, kisha ikachapwa kwa kamba ili izunguke. Programu unayoweza kutumia ni Blender, ambayo hupatikana bila malipo.

Hatua ya 1: Kuunda umbo

Pia ni duara kila upande, hivyo huhitaji kuichora yote. Chora nusu tu ya ukingo wake, kisha iamuru programu iuzungushe nyuzi 360 kuuzunguka mhimili wa katikati.

*Mfano.* Pia ina kimo cha sm 5 na kipenyo kikubwa cha sm 4. Namba ya kwanza ni umbali kutoka mhimili, ya pili ni kimo:

A (0, 0), B (1, 1), C (2, 4), D (1.5, 5), E (0, 5)

Tukizungusha kwa mapigo 12, kila pigo ni 360 ÷ 12 = nyuzi 30.

Nukta: A na E ziko kwenye mhimili, hivyo hazizai nyingine. B, C na D kila moja huwa nukta 12.
Jumla = (3 × 12) + 2 = 38.

Nyuso: vipande vya ukingo ni vinne (AB, BC, CD, DE), na kila kimoja huzaa nyuso 12.
Jumla = 4 × 12 = 48.

Kwa mapigo 12 pia itaonekana na pembe. Kwa mapigo 36 tunapata nukta 110 na nyuso 144. Umbo hulainika, ila kompyuta hufanya kazi zaidi.

Hatua ya 2: Mwonekano wa uso

Hapa unaeleza rangi, na kama uso unang'aa au umefifia. Mti uliochongwa kwa kisu haung'ai kama plastiki. Kichwa cha msumari kwenye ncha hung'aa. Weka na mikwaruzo, kwa kuwa pia isiyo na alama hata moja haijawahi kuchezewa.

Hatua ya 3: Mwanga na kamera

Weka taa kuu juu upande mmoja, na taa hafifu upande wa pili ili kivuli kisiwe cheusi kabisa. Shusha kamera karibu na ardhi. Mtoto huitazama pia akiwa amechuchumaa. Ukiitazama kutoka juu kabisa, utaona duara tu.

Picha imetulia, lakini pia inazunguka. Utaonyeshaje? Iinamishe kidogo, na uangalie michoro yake. Mstari unaozunguka kiuno hauonekani kubadilika pia inapozunguka, lakini doa moja la rangi huvutika likawa kama utepe. Kwa hiyo doa ndilo litakalosema kwamba pia iko kwenye mwendo.

Hatua ya 4: Kutoa picha

Kompyuta hukokotoa rangi ya kila pikseli kwa kufuata umbo, uso, mwanga na kamera. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ndiyo maana hushauriwi kutoa picha kubwa kabla ya kujaribu ndogo.

Zingatia. Ukiulizwa "eleza", usiishie kutaja hatua. Toa sababu ya kila hatua na mfano kutoka kwenye kichezeo chenyewe.

Maswali ya marudio

1. Pia ya mfano wetu ikizungushwa kwa mapigo 24, tafuta nyuzi za kila pigo, idadi ya nukta na idadi ya nyuso.
2. Kwa nini gari la waya haliwezi kuundwa lote kwa kuzungusha ukingo mmoja?
3. Chagua kichezeo ulichokipenda utotoni. Kipime, chora ukingo wake kwenye karatasi ya grafu, kisha taja alama moja inayokitofautisha na vingine vya aina yake.

Majibu

1. Nyuzi 15, nukta 74, nyuso 96.
2. Bodi yake haina umbo linalolingana kuuzunguka mhimili mmoja. Magurudumu yake yanaweza.
3. Jibu ni lako. Mwombe mwenzako akitambue kichezeo kwa mchoro wako tu. Akishindwa, rudi ukipime upya.