Kipimo cha Kaswende kwa Mama Wajawazito

Kisonono kwa mwanamume mara nyingi hujitangaza chenyewe: baada ya siku chache mkojo huchoma, usaha hutoka, naye hukimbilia kituo cha afya. Kaswende haina tabia hiyo. Donda lake kwa kawaida halina maumivu, na kwa mwanamke huweza kukaa ndani asilione. Baada ya wiki tatu hadi sita hufunga lenyewe bila ya dawa. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe vijidudu vimo katika damu.

Ndiyo sababu mama anayefika kliniki ya wajawazito, awe wa mjini au shamba, Unguja au Pemba, hupaswa kupimwa bila ya kungojea dalili. Baadhi ya akina mama huona kuwa kupimwa ni kutuhumiwa. Sivyo hata kidogo. Kipimo ni cha wote, kama kupimwa uzito.

Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu ya kidoleni, na majibu hupatikana kwa muda wa dakika 20 hivi. Tiba ni sindano ya penisilini ya benzathini, ambayo humtibu mama na kumkinga mtoto aliye tumboni. Lililo zito ni wakati: tiba inatakiwa itangulie uzazi kwa siku 30 angalau. Mama anayeanza kliniki katika mwezi wa nane amejipunguzia muda huo mno. Bila ya tiba, mimba huweza kuharibika, mtoto kuzaliwa maiti, au kuzaliwa hai na maradhi ya mifupa, macho na masikio. Visiwa vyenzetu vimeonyesha kuwa jambo hili linawezekana: Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Kuba mwaka 2015, na Maldivi mwaka 2019, kuwa zimekomesha kaswende ya mama kwenda kwa mtoto.

Aliyewahi kutibiwa amweleze mkunga, kwani kipimo hicho huweza kuonyesha alama maisha yote hata kwa aliyepona.

Kuhusu waume, tatizo ni kubwa zaidi. Mama akitibiwa peke yake huambukizwa upya nyumbani, na sindano yake hupotea bure. Mume naye apimwe na atibiwe. Wakuu wa ofisi wanaombwa kumpa ruhusa mtumishi anayemsindikiza mkewe kliniki, bila ya kumdadisi sababu.