Kamera na Mwanga wa Arusi



Mkoani Kilimanjaro arusi nyingi hufanyika mwezi wa Desemba, wakati ndugu walioko mbali wanaporudi nyumbani. Siku hiyo mpiga picha ana kazi kubwa. Pete huvishwa mara moja tu. Picha ikiharibika, huwezi kumwomba padri au mchungaji arudie. Tena bibi mzee aliyeketi mbele, huenda hiyo ikawa picha yake ya mwisho pamoja na wajukuu wote.

Kama unataka kufanya kazi hii, jifunze kwanza kuhusu mwanga. Leo tutasoma juu ya namba moja ya kamera. Namba hiyo huitwa ISO.

ISO ni nini?

Kamera huona kwa msaada wa mwanga, kama jicho. Namba ya ISO huonyesha kamera itaukuza mwanga kwa kiasi gani. Namba ndogo, kama 100, hufaa penye mwanga mwingi. Namba kubwa, kama 3,200, hufaa penye mwanga hafifu.

Namba hizi hupanda hivi: 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200, 6,400. Kila namba ni mara mbili ya ile iliyoitangulia. Ukipanda hatua moja, kamera huhitaji nusu tu ya mwanga wa kwanza.

Zamani wapiga picha walitumia filamu. Filamu ya picha 36 ilikuwa na namba moja, kama 100 au 400, mpaka iishe. Kamera za siku hizi zisizotumia filamu hukuruhusu kubadili namba kwa kila picha. Itumie nafasi hiyo.

Chenga au ukungu?

Ukipandisha ISO, picha hupata chenga. Chenga ni vitone vidogo vidogo, kama vile vya televisheni isiyokamata vizuri. Lakini ukiacha ISO chini mahali penye giza, kamera hukawia kufunga. Mkono hutikisika, watu husogea, na picha hutoka na ukungu.

Wengi huogopa chenga. Huingia kanisani na kuacha namba 400. Hilo ni kosa. Picha yenye chenga kidogo bado huonyesha uso, pete na machozi ya mama. Picha iliyotikisika ni vigumu sana kuitengeneza. Kumbuka: afadhali chenga kuliko ukungu.

Tufanye hesabu

Gawanya sekunde moja mafungu 125. Fungu moja huandikwa 1/125. Ili kumpiga picha bibi arusi anayetembea, kamera ifunguke kwa muda usiozidi 1/125 ya sekunde.

Tuseme uko ndani ya kanisa. ISO ni 400, na kamera inataka 1/15 ya sekunde. Hapo bibi arusi atatoka na ukungu. Panda hatua moja:

ISO 800, muda ni 1/30.
ISO 1,600, muda ni 1/60.
ISO 3,200, muda ni 1/125.

Sasa unaweza kupiga.

Tufuate arusi moja

Asubuhi, nyumbani migombani. Migomba ina kivuli, na huku mlimani mawingu ni mengi. Anza na 400 au 800.

Ndani ya kanisa. Anza na 1,600 au 3,200. Uliza mapema kama flashi inaruhusiwa.

Nje ya kanisa, jua la saa sita. Rudi 100 au 200. Usisahau! Ukibaki na 3,200, gauni litakuwa jeupe tupu, na nakshi zake hazitaonekana.

Usiku, ukumbini Moshi mjini. Jua huzama mnamo saa kumi na mbili u nusu, na giza huingia upesi. Bila flashi, anza na 3,200 au 6,400. Ukiwa na flashi, 800 au 1,600 huweza kutosha.

Namba hizi ni za kuanzia tu. Piga picha moja, ikuze kwenye kioo cha kamera, utazame macho ya mtu. Kama yana ukungu kwa sababu ya kutikisika, panda hatua moja.

Usingoje siku ya arusi ndipo ujaribu. Nenda kanisani siku moja kabla, saa ileile ya ibada. Au mpige picha mtoto anayetembea jikoni jioni. Jaribu kwa 400, kisha kwa 3,200. Tazama tofauti.

Maswali

1. Kwa nini namba 100 haifai ndani ya kanisa lenye giza?
2. Kamera ina ISO 800 na muda wa 1/30. Ukipanda mpaka 3,200, muda utakuwa ngapi?
3. Bwana na bibi arusi wanatoka kanisani kwenda kwenye jua. Utabadili nini kabla hawajafika mlangoni?
4. Jadilianeni darasani: mtu aliyelipwa kupiga picha za arusi ana wajibu gani kwa familia ile?