Dondoo muhimu: Fedha za ukame zisikupite

Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera nchini Kenya, mpango wa HSNP ulio chini ya NDMA, mamlaka ya serikali ya kukabiliana na ukame, umekuwa ukizipa kaya maskini Sh5,400 kila baada ya miezi miwili. Kiangazi kikizidi, picha za setilaiti zinazopima hali ya malisho husaidia kuamua wapi patolewe fedha za dharura, hata kwa kaya zisizolipwa kila mara. Usikose zoezi la kuandikisha kaya. Mbuzi wakishaanza kufa, umechelewa.

Angalia jina lako. “Mohamed” kwenye kitambulisho na “Mohammed” kwenye fomu, au tarakimu moja iliyokosewa, huweza kukwamisha malipo. Kama husomi, mwanao wa shule akusomee herufi kwa herufi kabla hujatia kidole.

Kuandikishwa ni bure. Anayedai “ya chai” anawanyang’anya watoto chakula: mripoti kwa NDMA ya kaunti.

Wazee, vidole vilivyosuguliwa na kamba za kisima huenda visisomwe na mashine ya alama za vidole. Vioshe, vikaushe, au ujaribu kidole kingine.