NJIA ZA BAISKELI KATIKA BONDE LA PANGANI

Mto Pangani una urefu wa kadiri ya kilomita 500. Maji yake yatoka katika milima ya Kilimanjaro na Meru, yapita kando ya milima ya Pare na Usambara, kisha yaingia Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani, kusini mwa Tanga. Njiani mto huu hupokea mito mingine. Mkomazi hupita katika nchi kavu iliyo chini ya Mombo. Luengera hushuka katika bonde litenganishalo Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki, nao huungana na Pangani karibu na Korogwe.

Maji hayapandi mlima. Hutafuta mahali palipo chini, na yakikuta jabali hulizunguka. Kwa sababu hiyo bonde la mto ni njia iliyokwisha pimwa kabla mtu hajaleta kipimo chake. Wajenzi wa reli walilijua jambo hilo. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Haikupanda kwenda Lushoto, bali ilipita chini ya milima. Mwendesha baiskeli naye hukutwa na swali lile lile: apite bondeni, au apande?

Kabla ya kujibu, na afanye hesabu. Mji wa Korogwe uko karibu mita 300 juu ya bahari, na kutoka hapo mpaka Tanga ni kadiri ya kilomita 100. Basi, kwa wastani, msafiri huteremka mita 1 kila aendapo mita 333. Mteremko huo ni mdogo hata macho hayauoni. Lakini Lushoto uko kadiri ya mita 1,000 juu ya Mombo, na njia iliyo kati yake ni kadiri ya kilomita 33. Hapo msafiri hupanda mita 1 kila aendapo mita 33. Ukali wa njia hii ni mara kumi ya ile ya kwanza.

Hata hivyo wastani waweza kumdanganya mtu. Njia ya Tanga si tambarare yote. Penye vilima vya Muheza hupanda na kushuka mara nyingi, nayo miguu huhesabu kila kilima. Vivyo hivyo njia ya Lushoto haina ukali mmoja. Sehemu iliyo kali zaidi ni ile ya chini, kati ya Mombo na Soni, ambapo barabara hujipinda katika korongo, ukuta wa mlima ukiwa upande mmoja na bonde refu upande wa pili. Baada ya maporomoko ya maji ya Soni njia hupata nafuu kidogo.

Katika nchi hii msafiri aweza kuchagua njia nne. Ya kwanza ni ya Korogwe mpaka Tanga, kwa kupitia Segera na Muheza. Ni nyepesi kwa miguu, lakini ni barabara kuu, yenye mabasi na malori mengi. Mwenye baiskeli hana budi kukaa ukingoni na kusikiliza nyuma yake. Kando ya njia ataona mashamba ya katani. Mmea huo uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Marekani ni 62 tu iliyofika hai. Msafiri akumbuke pia upepo. Wakati wa kusi, upepo hutoka baharini na kumpiga usoni aendaye Tanga, hasa alasiri. Aondokaye alfajiri hupata nusu ya kazi imekwisha kabla upepo haujaamka.

Njia ya pili hufuata bonde la Luengera, kutoka Korogwe kwenda Magoma na Mashewa. Magari ni machache, na milima huonekana pande zote mbili. Lakini wakati wa masika, tangu Machi mpaka Mei, vijito hujaa na udongo hunata katika magurudumu. Njia ya tatu ni ya Muheza mpaka Amani, katika msitu wa Usambara ya Mashariki. Huko mvua ni nyingi, na mawe ya barabara huteleza.

Njia ya nne ndiyo ya Mombo, Soni na Lushoto. Watu wengi huogopa kuipanda. Yafaa zaidi waogope kuishuka. Apandaye akichoka hushuka na kuisukuma baiskeli, wala hakuna aibu katika kusukuma. Lakini ashukaye akikosea, huenda asipate nafasi ya kusahihisha.

Fikirini mtu atokaye Lushoto na gunia la kabichi nyuma yake. Baiskeli yaenda yenyewe, upepo wa baridi wampiga kifuani, naye adhani kazi imekwisha. Apita Soni, mwendo wazidi. Je, akiona ng'ombe amesimama penye kona, atahitaji nafasi gani ili asimame? Watu wengi hudhani kwamba mwendo ukiwa mara mbili, nafasi ya kusimama nayo huwa mara mbili. Sivyo. Nafasi tangu breki zikamatapo mpaka baiskeli isimamapo huwa mara nne. Aendaye kilomita 30 kwa saa ahitaji mara nne ya nafasi imtoshayo aendaye kilomita 15. Na kama mwendo ni mara tatu, nafasi ni mara tisa. Ng'ombe hatangoja hesabu hiyo imalizike.

Kuna jambo jingine. Breki ya mpira huzuia gurudumu kwa kusuguana na chuma chake, na kusuguana huleta joto. Nguvu zilizouinua mzigo mlimani hurudi wakati wa kushuka, na zikizuiwa na breki hugeuka joto. Mzigo ukiongezeka, joto nalo huongezeka. Breki ikibanwa mfululizo katika mteremko mrefu, chuma huweza kuwa moto hata tyubu ikapasuka. Chuma kikilowa mvua, mpira huteleza wala haukamati upesi.

Basi mwendeshaji mwenye busara hufanya hivi. Kabla ya kushuka hutazama mipira ya breki na nyaya zake. Kama mpira umelika au waya umeanza kukatika, hashuki akiwa amepanda, bali huikokota baiskeli mpaka apate fundi. Hupunguza mwendo kabla ya kuingia katika kona, si akiwa ndani yake. Hutumia breki zote mbili, ya mbele kwa upole. Kwa maana gurudumu la mbele likikamatwa ghafula, mtu hurushwa juu ya usukani. Hubana, huachia, hubana tena. Kila baada ya mwendo kidogo husimama mahali papana, chuma kipoe na mikono ipumzike. Tena hufunga mzigo chini na katikati, usimyumbishe.

Safarini huchukua pampu, viraka, gundi yake, spana na maji ya kunywa. Akifika kijijini huamkia wazee, kisha huuliza habari za njia iliyo mbele. Maana ramani huonyesha daraja, lakini mwenyeji ndiye ajuaye kama maji yamelipita jana. Mahali asipoona chini ya maji havuki. Wala haendi ukingoni mwa Pangani kuosha baiskeli, kwa kuwa mto huo una mamba.

Mtu akiyashika hayo, aweza kuzuru nchi kubwa kwa gharama ndogo. Ataona kwa macho yake jinsi mvua iangukayo milimani inavyoyalisha mashamba ya chini, na jinsi mito midogo inavyoufanya mto mkubwa. Na jioni atafika kwao mzima, kwa maana mwenda pole hajikwai.

MASWALI

1. Kwa nini reli ilipita bondeni, isipande mpaka Lushoto?
2. Kilima kina urefu wa mita 60, na njia yake ni mita 1,200. Msafiri hupanda mita 1 kila aendapo mita ngapi?
3. Mtu aendaye kilomita 10 kwa saa husimama katika mita 3 tangu breki zikamatapo. Akienda kilomita 30 kwa saa katika njia ile ile, atahitaji mita ngapi?
4. Eleza sababu mbili zinazofanya mteremko mrefu kuwa na hatari kwa mwenye mzigo mzito.
5. Chora ramani ya Mto Pangani, ukionyesha Mombo, Korogwe, Muheza na Tanga, pamoja na mto Luengera.