Mishipa ya Damu, Moyo na Kumbukumbu

Usikimbilie kusema ni uzee

Bibi ametia chumvi kwenye maharage. Punde anatia tena. Babu wa Mbagala anapitiliza kituo alichoshukia miaka yote. Nyumbani wanasema ni uzee, jirani ananong'ona karogwa. Huenda chanzo ni mishipa ya damu iliyoanza kuharibika zamani, akiwa bado na nguvu zake.

Lehemu inavyoziba mishipa

Lehemu, yaani kolesteroli, si sumu. Ini huitengeneza, na mwili huitumia kujenga seli na homoni. Shida ni lehemu mbaya, LDL, inapozidi. Hujipenyeza katika ukuta wa mshipa, hasa uliochakazwa na presha, kisukari au sigara.

Ukichomwa msumari, mguu hupata joto na kuvimba kwa sababu chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zimefika kupambana. Ndani ya mshipa hutokea hivyohivyo. Chembe hizo humeza lehemu, hufia humo, na kuita nyingine. Msumari ukitolewa, kidonda hupona. Lakini lehemu ikiendelea kuingia, vita haviishi. Utando wa lehemu na chembe zilizokufa hukua, na siku ukipasuka damu huganda juu yake. Njia ikizibwa kwenye moyo ni shambulio la moyo. Kwenye ubongo ni kiharusi. Vijishipa vya ubongo vikiharibika kimoja kimoja, kumbukumbu nayo hupungua.

Hali ilivyo kwetu

Utafiti wa 2003 hadi 2006 nchini Tanzania ulipima visa vipya vya kiharusi kwa mwaka. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na takriban 316 kwa kila watu 100,000. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, 109. Mwaka 2024, jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliitaja LDL kubwa katika umri wa kati kuwa moja ya mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Yote yakidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya ugonjwa huo ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa.

La kufanya

- Pima presha, sukari na lehemu hata kama huumwi popote. Lehemu iliyozidi haina dalili.
- Punguza chipsi, maandazi na chumvi. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi kikaangoni, yamwage.
- Zidisha dagaa, maharage, mchicha na matunda.
- Tembea dakika 30 kwa siku. Hata kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani ni mazoezi.
- Acha sigara.
- Ukiandikiwa dawa, usiache kwa kuwa unajisikia nafuu.

Usisubiri kesho

Uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, huenda ni kiharusi; mwahishe mgonjwa hospitali ya rufaa iliyo karibu, kama Temeke au Mwananyamala kwa walio Dar es Salaam. Usimpeleke kwanza kwa mganga.

Na mzee anayesahau asifokewe wala kufichwa chumbani. Mpeleke akapimwe. Kisha nawe, uliye na miaka 40, toa mkono upimwe presha siku hiyohiyo.