Kifafa, ARV na Mawazo: Nani Anashika Uzi Tungue?

Tarehe 24 Machi 2021 wapiganaji walivamia Palma, mji wa Ghuba ya Tungue, kaskazini mwa Msumbiji. Maelfu walikimbilia porini kwa miguu, wengine wakapanda majahazi kwenda mji wa Pemba, nchini humo humo. Wengi wamesharudi. Aliyeondoka na kifafa amerudi nacho, pamoja na hofu isiyomwachia usingizi. Maswali yafuatayo ni ya wanaowauguza.

Mgonjwa mwenye mahitaji mengi ni mtu wa namna gani?

Tuchukue mfano wa kutunga: mama wa miaka 40 mwenye kifafa, anayetumia ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI), aliyempoteza mwanawe katika vita. Halali, wala halimi tena. Jumatatu anafuata ARV, Alhamisi dawa ya kifafa, Ijumaa yuko kwa mwalimu wa dini akisomewa dua. Kila mmoja anamtibu kwa nia njema, ila hakuna anayejua mwenzake amempa nini.

Kuna ubaya gani kila mmoja akitibu chake?

Ubaya upo kwenye vidonge. Fenobabito, dawa ya kifafa ya bei nafuu inayotumika sana Afrika, hulifanya ini livunje haraka dolutegravir iliyomo kwenye ARV za siku hizi. Dawa hiyo ikipungua mwilini, virusi hupata mwanya. Kinga ipo: dolutegravir inywewe mara mbili kwa siku badala ya moja, au kifafa kipewe dawa nyingine. Hata hiyo nyingine huchaguliwa kwa uangalifu, kwani valproate inaweza kudhuru mimba. Haya yote yanamtaka mtoa dawa ajue mgonjwa anameza nini kwingine.

Madaktari wa akili ni wachache. Kazi itafanywa na nani?

Tangu 1996 Msumbiji inafundisha wahudumu wa ngazi ya kati wanaosomea magonjwa ya akili. Hao, pamoja na wahudumu wa afya wa vijijini, ndio wanaobeba mzigo. Nao ni mzito: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo ya vita mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili.

Zimbabwe ilitumia bibi zake. Tangu 2006, jijini Harare, wanawake waliofunzwa huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Huko Washona huita ugonjwa wa mawazo *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Je, mganga na mwalimu waachwe?

Kuwakataza watu ni kuwafundisha kuficha. Heri mhudumu amfuate mwalimu na kupatana naye jambo moja: asome, lakini asimwambie mgonjwa aache vidonge. Fenobabito ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege lisilokoma, hata kifo. Mwalimu anaweza pia kuondoa imani kwamba povu la kifafa huambukiza, imani inayofanya aliyeangukia moto akose wa kumvuta. Aliyeanguka alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni.

Kuratibu huduma kunaanzia wapi?

Kunaanza na mtu mmoja anayeshika uzi, si lazima awe daktari. Ndiye anayejua tarehe zote za mgonjwa, na asipomwona huenda kumtafuta. Kisha iwepo kadi moja yenye majina ya dawa zote, vipimo vyake na simu ya ndugu. Kadi huandikwa kwa Kireno. Maelezo yatolewe kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili, na mgonjwa ayarudie kwa maneno yake kabla ya kuondoka.

Katika nchi ambayo watu wamekimbia zaidi ya mara moja, kadi hiyo ikae pamoja na akiba ya dawa, mahali mkono unapofika hata gizani.

Nawe unayeuguza, usingoje kadi. Safari ijayo ya kituo cha afya, tia katika mfuko mmoja kila anachomeza mgonjwa wako, mizizi ya mganga ikiwamo, umwage vyote mezani kwa mhudumu.